Kata shina kwanza, ndoo ya mbolea ingoje

Juzi mchana nimemkuta kijana mgeni shambani amechuchumaa, anamimina mbolea ya CAN iliyokorogwa kwenye shina la nyanya iliyonyauka. Nikamshika mkono. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili nimeliona kwa kila kundi linalokuja, na limeshanichosha. Kaeni chini niwaambie.

1. Kunyauka si njaa.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Mche mmoja wa mstari wa tatu ulilala mchana, jioni ukainuka. Nikasema kiu. Nikafungua mfereji, maji yakapita mstari mzima. Siku ya tatu haukuinuka tena. Majani yalikuwa kijani kabisa, hayana doa wala umanjano. Dalili ilikuwa hiyo hapo mbele yangu, nami sikuijua. Nikayeyusha mbolea ya NPK nikamwagia shinani, nikiamini mizizi imeishiwa nguvu. Baada ya siku chache miche iliyofuata, yote ya upande maji yanakoelekea, ikaanza kulala.

Hapo nikashikwa na hofu, na mwenye hofu hukimbilia dawa. Nikachanganya metalaksili na mankozebu, nikamwagia kila shina kikombe. Miche iliyokufa nikaing'oa na kuirundika kichwani mwa mfereji, pale pale maji yanapoingilia. Halafu nikapalilia kwa jembe lile lile, nikikata mizizi ya mizima kwa chuma kilichotoka kwa wagonjwa. Kila nilichofanya kwa bidii kilikuwa kinausambaza ugonjwa.

Mzee mmoja mkulima alipita, hakusema neno. Alikata kipande cha shina karibu na ardhi, akakishikilia ndani ya glasi ya maji safi, sehemu iliyokatwa ikiwa chini. Tukangoja dakika chache. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka taratibu kutoka kwenye shina. “Hao ni bakteria,” akasema. “Dawa yako ni ya ukungu.” Nilikaa tutani nikalia. Upande wote wa chini wa shamba ulikwisha msimu ule.

Mnyauko bakteria hauna dawa ya kuuponya mmea. Ng'oa na mizizi yake, tia kwenye mfuko papo hapo, kachome mbali, zuia maji yasipite hapo, osha jembe na kisu kwa maji ya klorini. Vimelea hubaki udongoni miaka, kwa hiyo usirudishie nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, weka mahindi. Mnyauko wa fuzari ni mwingine: huo huanza na umanjano majani ya chini, mara nyingi upande mmoja, na ukipasua shina ndani ni kahawia.

2. Mankozebu ni ya kukinga. Hukaa juu ya jani na kuua mbegu za ukungu kabla hazijapenya, kwa hiyo ukingoja madoa ya bakajani, ule ugonjwa wa ukungu wa majani, yatapakae ndipo ubebe bomba la dawa, umechelewa. Kukiwa na baridi na unyevu mfululizo, bakajani chelewa humaliza shamba kwa siku chache tu. Pigeni na chini ya majani, tafadhali! Naona watu wanalowesha juu tu, wanakwenda zao. Na mnaposema mmebadilisha dawa, someni kiambato amilifu kwenye lebo, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi. Kuna aliyeniletea chupa mbili za rangi tofauti, zote metalaksili. Ukungu huzoea dawa. Hauangalii rangi ya chupa.

3. Tunda likioza kitako, acheni dawa za ukungu: ni kalsiamu haifiki kwenye tunda, na mara nyingi chanzo ni maji ya leo mengi kesho hakuna, au naitrojeni iliyozidi.

4. Kalsiamu naitreti msiichanganye pipa moja na mbolea ya DAP wala magnesiamu salfeti. Hugandiana, na mabaki huziba nozeli za bomba na mipira ya umwagiliaji wa matone.

5. Bomba lililopiga dawa ya magugu lisiguse nyanya hata likioshwa, maana 2,4-D kidogo tu hukunja majani yakasokoteka.

6. Siku za kungoja kabla ya kuvuna ziko kwenye lebo. Zihesabuni, nyanya italiwa na mtoto wa mtu.

Basi yule kijana wa juzi nilimpa kisu na glasi. Alikata, akatumbukiza, akakodoa macho. Maji yakabaki maangavu. Tukaung'oa mche pamoja, akautikisa udongo, na mizizi yote ilikuwa na vinundu vilivyovimba kama shanga. Minyoo fundo, wale wa udongoni wanaoshambulia mizizi. Ile CAN ingekuwa ya bure kabisa. Aliugeuzageuza ule mzizi mkononi, kisha akaenda mwenyewe, bila kutumwa, kung'oa mche wa pembeni atazame.