Kabla Hujavusha Mbuzi Kwenda Jimbo Jingine

Ninaishi Louisville, Kentucky, na ng'ambo ya mto Ohio ni Indiana. Daraja nalivuka kwa dakika chache tu, ndiyo maana nilipopata mbuzi wanne na beberu wa kununua upande ule, sikujiona kama mtu anayesafirisha mifugo. Muuzaji naye akaniambia, "Pakia tu, kila mtu anavuka." Trela nilikuwa nimeshafunga.

Nikamkumbuka marehemu baba. Hakupeleka ng'ombe mnada wa wilaya nyingine bila kibali cha afisa mifugo, hata kama mnunuzi alikuwa anamsubiri na pesa mkononi. Nikapiga simu ofisi ya daktari wa mifugo wa jimbo la Kentucky. Hapo ndugu zangu shikeni sana: uliza kule unakokwenda, si unakotoka. Kila jimbo la Marekani lina masharti yake ya kupokea wanyama, na mengine hutaka upate namba ya kibali kabla hujaingia.

Nikaambiwa nahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo aliyeidhinishwa na serikali kuu, na hereni rasmi masikioni. Hereni hizi kwa mbuzi na kondoo zipo kwa sababu ya skrepi, ugonjwa wa ubongo usio na tiba. Mnyama hukaa nao miaka bila dalili. Siku ukigundulika, namba ya hereni ndiyo inayoonyesha alitoka kundi gani.

Daktari akaja shambani kwa muuzaji. Majike wote wazima. Alipofika kwa beberu akampapasa chini ya sikio, akarudia, kisha akaniita niguse. Uvimbe mgumu, mdogo kama kokwa ya zambarau. Alishuku ugonjwa wa majipu ya tezi, ule ambao jipu likipasuka usaha huchafua banda na udongo kwa miezi, na kundi zima huambukizwa. Akakataa kumwandikia cheti. Nyumbani nilikuwa na majike sita, wawili wana mimba. Mwili ulinisisimka.

Kuku, farasi na ng'ombe wana masharti yao. Farasi hupimwa damu kwa ajili ya upungufu wa damu wa kuambukiza. Ng'ombe wa maziwa anayekamuliwa, Aprili 2024 serikali kuu iliagiza apimwe homa ya mafua ya ndege kabla ya kuvuka jimbo.

Cheti kwa kawaida hudumu siku 30 tangu ukaguzi, kwa hiyo usimwite daktari kabla hujajua siku ya safari. Soma namba za hereni moja moja ukizilinganisha na karatasi kabla ya kupakia. Kwangu tarakimu mbili zilikuwa zimepinduliwa, tukarekebisha palepale. Karatasi isafiri na wanyama, nakala ibaki kwako. Wale wanne niliwatenga wiki nne kwenye banda lao, na ndoo zao za maji, ndipo nikawachanganya na wenzao.