Jibu: Hatua moja ya njia ya umetaboli haina kimeng'enya, nianzie wapi?

Mleta uzi anasema njia ya kutengeneza asidi za mafuta kwenye bakteria wake imetimia isipokuwa hatua moja, ambayo kimeng'enya chake (protini inayoiendesha) hakionekani kwenye jenomu. BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, haimpi kitu, na sasa anafikiria kulegeza kizingiti cha kufanana.

Mkuu, usilegeze. Utapata jina, ndiyo, ila la protini isiyohusika, na wenzako watalinakili kwenye jenomu zao miaka na miaka. Kazi yangu ni kuhakiki jenomu za bakteria, na majina ya aina hiyo ndiyo yanayonisumbua kuliko jeni zisizo na jina kabisa.

Kwanza angalia zimepungua hatua ngapi. Kama njia karibu yote haipo, huenda bakteria anapokea kitu hicho kikiwa tayari. Haemophilus influenzae, kwa mfano, hawezi kuunda NAD (molekuli inayosaidia vimeng'enya kufanya kazi) kuanzia mwanzo, ndiyo maana maabarani lazima awekewe. Lakini pengo moja katikati ya njia nzima? Hapo mimi hushuku kimeng'enya cha ukoo mwingine kinachofanya kazi ileile.

Sasa nenda kwa majirani. Jeni za njia moja kwa bakteria mara nyingi hupangana pamoja, na wagombea wangu wazuri wengi nimewapata hivyo. Kisa chako kinakaribia sana cha Streptococcus pneumoniae. Huyu hana FabI, kimeng'enya kinachofunga hatua ya mwisho ya kila mzunguko wa kurefusha mnyororo wa asidi ya mafuta. Ukifungua kundi la jeni zake za fab (za kutengeneza asidi za mafuta), kati ya jeni acpP na fabD unakuta jeni ya protini yenye flavini (molekuli msaidizi itokanayo na vitamini B2) isiyofanana na FabI hata kidogo. Ndiyo FabK, iliyotangazwa mwaka 2000. Triklosani, dawa ya kuua bakteria inayoizima FabI ya E. coli haiishtui FabK. Kwa hiyo kabla ya yote, tazama nani kakaa katikati ya jeni zako za fab, kisha tazama kama anakaa hapohapo kwa spishi nyingine zisizo na FabI.

Majirani wakikosa, tengeneza jedwali la spishi: nani ana jeni ya kawaida, nani hana. Tafuta jeni inayojitokeza pale ile nyingine inapokosekana. ThyX, kimeng'enya cha kutengeneza timidilati (kijenzi cha DNA), iligunduliwa kwa mtindo huo mwaka 2002. Helicobacter pylori anayo badala ya ThyA, kimeng'enya cha kawaida cha kazi hiyo. Usitegemee mpangilio safi lakini, kwa sababu bakteria wa kifua kikuu anazo zote mbili.

(Kwa yukarioti, yaani viumbe kama wanyama, mimea na kuvu, jeni za njia moja kwa kawaida zimetawanyika, kwa hiyo ujirani hausaidii sana.)

Ukishapata mgombea, mpeleke maabara. Chukua E. coli ambaye FabI yake hufa joto likipanda, mtie jeni hiyo kwenye plasmidi (kipande kidogo cha DNA cha duara), na mwingine mtie plasmidi tupu. Pandisha joto. Akiota wa kwanza peke yake, safisha protini na upime kazi yake.