Kadi ya GB 64 inabeba dakika ngapi za video?

Vijana wanaoanza kupiga video za harusi huniuliza swali hili kila msimu, na karibu wote huanza kwa kunitajia "4K", yaani ukubwa wa picha. Sawa, lakini 4K ya nini? Kinachojaza kadi ni bitireti, yaani data inayoandikwa kila sekunde. Fungua menyu ya kamera, upande wa video, utakuta imeandikwa 50M, 100M au 200M. Hiyo ndiyo namba ya kunitajia.

Ukishaipata, igawe kwa 8, maana kamera inahesabu biti na kadi inauzwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde, ile 100M ya menyu) ni MB 12.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 60 upate MB 750 kwa dakika. Kwa saa ni GB 45. Kwa hiyo kadi ya GB 64 inakupa dakika 85 hivi. Ukishusha hadi Mbps 50, unapata saa 2 na dakika 50.

Sasa chukua iPhone. Kwenye mipangilio yake imeandikwa kabisa: 4K ya fremu 30 kwa sekunde, kwa ubanaji wa HEVC, hula takriban MB 170 kwa dakika. Nafasi ileile ya GB 64 inakupa zaidi ya saa 6! Zote ni 4K, ila simu imebana picha zaidi, na ukija kusahihisha rangi utaiona tofauti.

Hesabu ya simu ni ya wastani, lakini. MC akisimama kuongea, data ni kidogo. Muziki ukipigwa, watu wakaanza kucheza chini ya taa zinazozunguka, inapanda. Mimi hupunguza robo ya muda niliokokotoa, kwa sababu ratiba za send-off zetu kila mtu anazijua.

Kadi ikisoma GB 59 na ushee kwenye Windows, hujaibiwa. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inagawa kwa 1024 mara tatu. Wizi upo kwenye kadi feki, zinazojitangaza GB 128 huku ndani hazifiki hata nusu. Ijaribu kwa programu ya H2testw kabla ya kazi: inaijaza kadi yote, kisha inasoma ilichoandika.

Watu wengi huishia kwenye kadi, wakasahau diski. Kamera mbili za Mbps 100, kila moja ikirekodi saa 4, zinakuletea nyumbani GB 360. Weka na nakala ya pili, ni GB 720, na bado hujaanza kuhariri. Nunua diski mbili za TB 1 badala ya moja ya TB 2, ili moja ikianguka nyingine ibaki, na gharama yake uipige kwenye bei kabla hujapokea advansi ya bwana harusi.