Mwalimu hodari amebadilika: ni uchovu wa kazi au sonona?

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi na masuala ya watumishi yako chini yangu. Mwalimu wetu wa hisabati, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kufika shuleni, sasa anachelewa. Chai anakunywa peke yake darasani, na madaftari ya wanafunzi yanalala wiki mbili bila kusahihishwa. Tulimleta mtaalamu akatupa semina ya siku nzima kuhusu msongo wa mawazo. Watu waliifurahia, lakini sioni mabadiliko. Je, huu ni uchovu wa kazi au ni sonona? Nitajuaje, na nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, kutambua ugonjwa si kazi yako. Kazi yako ni kuona mabadiliko, kuyasema kwa upole na kumpunguzia mtu kinachomlemea. Hata hivyo ni vizuri uijue tofauti, maana itakusaidia kupima uharaka.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, linaeleza uchovu sugu wa kazi kuwa ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Halikuuhesabu kuwa ugonjwa. Una sura tatu: nguvu huisha; moyo hujitenga na kazi, hata mtu akaanza kuwasema vibaya wanafunzi aliokuwa akiwatetea; na mwenyewe hujiona hafai tena kwa kazi anayoijua. Hali hii imefungamana na kazi.

Sonona haibaki getini. Humfuata mtu nyumbani, ibadani na hata likizoni. Kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo huwa mzito au hamu ya vitu alivyovipenda hupotea, na pamoja na hayo usingizi na hamu ya kula huvurugika, akajilaumu kwa mambo madogo. Ndiyo maana mimi huwauliza walimu kuhusu likizo iliyopita: ulipumzika ukapumzika kweli? Aliyechoshwa na kazi mara nyingi hunijibu kwamba wiki ya pili alianza kucheka tena na watoto wake. Mwenye sonona husema siku zote zilikuwa zilezile. Lakini hali hizi mbili hupishana sana, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote, kwa hiyo uamuzi uachie daktari au mwanasaikolojia.

Sasa, mazungumzo. Usimwite ofisini kupitia kwa mwanafunzi. Mwalimu akiitwa hivyo hufika amejiandaa kujitetea. Mfuate mwenyewe saa ambayo hana kipindi, kaeni mahali pasipo na masikio ya watu, kisha mwambie ulichokiona kwa macho yako: “Mwalimu, wiki hizi tatu sijakuona ukinywa chai na wenzako, na wewe si mtu wa kuchelewa. Sijaja kwa ajili ya madaftari. Unaendeleaje?” Halafu nyamaza. Ukimya ule utakuwa mrefu kuliko unavyopenda. Usiuzibe kwa nasaha. Usimwambie ana sonona, wala usimtake aeleze ugonjwa wake. Atakachokuambia kibaki kwako.

Akisema amechoka kuishi, au maneno ya kukaribia hayo, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Akikubali, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Jambo moja nalisisitiza: usiwe mshauri nasaha wake. Wewe ndiye unayempangia vipindi na kumwandikia tathmini, na mtu hawezi kumfungulia moyo wote anayemsahihishia kazi. Mtafutie mtu wa nje ya shule, na mpe muda wa kwenda bila kumkata siku ya likizo.

Kuhusu semina yenu, haikuwa mbaya, ila ilimfundisha mwalimu kubeba mzigo bila kuugusa mzigo wenyewe. Piga hesabu: mwenye mikondo minne ya wanafunzi 50 ana madaftari 200. Akilipa kila daftari dakika mbili tu, ni saa 6 na dakika 40 kwa zoezi moja, na saa hizo hazimo kwenye ratiba yoyote. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayomkaba mtu zaidi ni ile yenye madai mengi huku yeye hana sauti juu yake. Basi rudisha sauti. Waulize walimu ni ripoti gani zinajazwa mara mbili, mfute moja. Waruhusu kubadilishana zamu wao kwa wao. Kubalianeni kuwa mazoezi mengine wanafunzi watasahihishiana darasani. Kundi la WhatsApp la shule lilale jioni. Ujumbe wa saa nne usiku unaoanza na “kesho asubuhi kila mmoja alete” humnyima mtu usingizi hata kama hakuujibu.

Na umeandika kuhusu walimu tu. Mbona matroni hukumtaja? Huyo ndiye anayeamshwa usiku na mtoto anayelia, naye husikia siri ambazo mwalimu wa darasa hazifikii, kisha asubuhi hana pa kuzitua. Karani hupokea hasira za wazazi kabla hazijakufikia wewe. Mpishi na mlinzi hawaitwi kwenye semina. Wote hao waingie kwenye mpango huu.

Kwa mwalimu wa hisabati usingoje kikao. Zungumza naye wiki hii, mwondolee mkondo mmoja au zamu hadi mwisho wa muhula, na mkiachana mpangiane kabisa siku ya kukutana tena, isizidi wiki mbili. Siku hiyo ikifika, nenda, hata kama una wageni wa ukaguzi.