Kabla Hujanunua Dawa ya Bwawa, Pima Maji

Tangu niweke mtandaoni picha za ngege (samaki aina ya tilapia) niliovuna juzi hapa karibu na Kakamega, simu yangu haijatulia. Wengi wanauliza bei. Kijana mmoja wa Butere ndiye aliyenifanya niandike: "Mzee wangu, ni dawa gani unaweka? Wangu wamekataa chakula, na jioni naokota waliokufa."

Dawa hakuna, mwanangu. Kuna maji tu, na maji yana tabia zake.

Nilipoanza, wenzangu wa chama walinibandika jina la Daktari wa Maji kwa sababu nilizunguka bwawa na karatasi za kupimia asidi. Shemeji aliniuliza mbele ya wageni kama siku hizi samaki wanapelekwa maabara, na watu wakacheka hadi chai ikapoa. Muuzaji mmoja wa vifaranga alinishauri nipunguze masomo niongeze chakula. Leo hao hao wananipigia usiku. Napokea, lakini sijasahau.

Sasa sikiliza. Hata katika maji safi kabisa, molekuli chache hugawanyika zikawa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za haidrojeni na za haidroksidi. Zikiwa sawa, kwa joto la nyuzi 25, pH, yaani namba ya kupimia asidi, ni 7. Za haidrojeni zikizidi, maji yana asidi na namba inashuka; zikipungua, namba inapanda. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na Mdenmaki Sørensen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg (wapenzi wa bia, mna mchango wenu). Wengi hupotea hapa: kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 5 yana ioni hizo mara mia moja kuliko ya pH 7. Ngege hustawi kati ya 6.5 na 9.

Udongo wetu mwingi huku magharibi una asidi, kwa hiyo bwawa hurithi asidi hiyo siku ya kwanza. Mimi hutawanya chokaa ya kilimo sakafuni kabla ya kujaza maji. Mawe yake huchimbwa Koru, si mbali. Humeza asidi polepole, na inayosalia huzuia pH isiyumbe ovyo. Usinunue chokaa ya moto ukaitupia samaki walio hai. Ile ikikutana na maji huchemka na inaweza kupandisha pH kupita 12.

Lakini wewe wa Butere, nashuku shida yako si asidi. Usiku kila kiumbe bwawani hutoa kaboni dioksaidi, ambayo ikiyeyuka majini huwa asidi hafifu, kwa hiyo alfajiri pH huwa chini. Jua likichomoza, mwani huinyonya hewa hiyo na pH hupanda mpaka alasiri. Maji yako yakiwa ya kijani kibichi kama sukuma wiki, huenda yakapita 9. Hapo amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki hugeuka sumu. Kwenye pH 7, na joto lile la nyuzi 25, haifiki asilimia 1 iliyo katika hali ya sumu. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Kuna tilapia wa Ziwa Magadi wanaoishi kwenye pH ya karibu 10, ila wao hutoa uchafu wao kama urea badala ya amonia. Wako hawajui ufundi huo.

Vijana, mnapenda mavuno na hamtaki daftari. Mnakopa pesa ya chakula, lakini karatasi ya kupimia mnaiona ghali. Pimeni! Nasema tena, pimeni, tena mara mbili kwa siku, maana namba ya asubuhi pekee itakudanganya.

Basi kijana, leo usinunue chochote. Simamisha samadi, punguza chakula, toa sehemu ya maji uingize mapya. Kesho pima alfajiri, upime tena saa tisa alasiri, kisha nitumie namba zote mbili.