Kabla chama hakijachukua mkopo, someni kwanza makaratasi ya Benki Kuu

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akiba hapa Mombasa, wengi wetu wanauza soko la Kongowea na wachache ni walimu, na kuna jambo moja nalishikilia kabisa: hatusaini karatasi ya benki yoyote kabla sijasoma Benki Kuu imesema nini. Watu wakisikia hivyo wanadhani lazima uwe umesomea uchumi. Hapana jamani. Zile ripoti ziko bure kwenye tovuti yao, Kiingereza chake kigumu kidogo ni kweli, lakini ukishajua pa kuangalia haikuchukui jioni nzima.

Anza na tamko la Kamati ya Sera ya Fedha. Kamati inakaa kila baada ya miezi miwili na ikimaliza inatoa kurasa chache tu. Redio na magazeti yatachukua kitu kimoja pale, kwamba riba ya msingi inayopangwa na Benki Kuu, ile CBR, imepanda au imeshuka, na kesho yake kila mtu kwenye grupu anaandika mikopo sasa imekuwa rahisi twendeni benki. Nyinyi msiishie hapo. Shukeni mpaka mahali wanapotaja wastani wa riba ambayo mabenki yanawatoza wateja, maana hiyo ndo inaingia mfukoni mwako. Angalieni ilivyokwenda majuzi: CBR ilianza kushushwa Agosti 2024 kutoka asilimia 13, Oktoba 2025 ikawa 9.25, yaani karibu pointi nne zimetoka. Sasa riba za mikopo zenyewe? Wastani ulikuwa asilimia 17.2 Novemba 2024, na Septemba 2025 ukawa 15.1. Pointi mbili na kitu basi. Aliyekopa akihesabu kwamba ile nafuu yote itamfikia alijikuta kwenye hesabu isiyofunga.

Na si kwamba ni uroho tu wa mabenki, ingawa upo. Benki ilichukua pesa za watu 2024 wakati riba ziko juu, ikawaahidi wenye akiba ya muda maalum faida nono, hizo ahadi lazima izilipe mpaka muda uishe hata kama CBR imeshuka mara tano katikati. Halafu serikali nayo ilikuwa inakopa kwa bei ya juu, zile hati zake za mkopo wa siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, na ile bondi ya miundombinu ya Februari mwaka huo ililipa asilimia 18.46 bila kodi. Kama wewe ni meneja wa benki na serikali inakupa hiyo bila kusumbuana na mtu, kwa nini umkopeshe mama wa nyanya? Hilo swali nawaambia mlikumbuke kila mnapoona riba ya hati za serikali imepanda, kwa sababu hapo ndo wakopaji wadogo tunasukumwa nje ya mlango.

Hili limefanyiwa utafiti, halikutoka kichwani mwangu. Mnakumbuka ile sheria ya 2016 ya kuwekea riba kikomo, benki zisitoze zaidi ya pointi nne juu ya CBR? Sote tuliifurahia, na hasira iliyoileta ilikuwa ya haki, maana watu walikuwa wamekamuliwa miaka. Lakini 2018 Benki Kuu ilitoa utafiti wake kuhusu matokeo, na mimi nashauri kila kiongozi wa chama ausome hata kama ni zamani. Walichokuta ni kwamba idadi ya mikopo ilipungua huku kiasi cha mkopo mmoja kwa wastani kikipanda. Tafsiri yake ni rahisi, wadogo waliachwa, wakubwa wakaendelea kupewa, na pesa nyingine ikakimbilia kwenye hati za serikali. Sheria ikafutwa Novemba 2019. Mtu akija kwenye mkutano wenu na kusema dawa ni serikali ipange riba tu, msimzomee, kilio chake ni cha kweli, mfungulieni huo utafiti mwangalie pamoja nani aliachwa nyuma.

Sasa upande wa usalama wa akiba, ambao naona vyama vingi hawaugusi kabisa, wanachagua benki kwa sababu tawi liko karibu na soko au karani ni mtu wa nyumbani. Sheria inazitaka benki zichapishe hesabu zao kila robo mwaka. Ukifungua ile jedwali ndogo ndogo usihangaike na faida, teremka mpaka chini kabisa kwenye uwiano. Mtaji wote ukilinganishwa na mali zenye hatari, kama mikopo ambayo huenda isilipwe, usiwe chini ya asilimia 14.5, na ukwasi, yaani pesa ambayo benki inaweza kuishika haraka watu wakija kutoa, usiwe chini ya asilimia 20. Mimi naangalia robo nne mfululizo, sio moja. Benki iliyo na 14.6 leo na mwaka jana ilikuwa na 17, hiyo inateremka, hata kama kisheria bado iko sawa mimi siwapelekei pesa za watu. Kisha linganisheni na ripoti ya mwaka ya usimamizi wa mabenki ya Benki Kuu, kule nyuma kwenye viambatisho kuna orodha ya kila benki na mikopo yake isiyolipwa. Kwa nchi nzima hiyo mikopo ilifika asilimia 17.6 ya mikopo yote Juni 2025, kwa hiyo benki yenu ikiwa juu sana ya hapo muulize meneja, na akijibu kwa kuzunguka zunguka mnajua la kufanya.

Lakini nisiwadanganye, karatasi ina mwisho wake. Imperial Bank ilipofungwa Oktoba 2015 udanganyifu ulikuwa umefichwa ndani ya vitabu vyenyewe, na hesabu zilizochapishwa zilionekana nzuri. Miezi michache baadaye, Aprili 2016, ikafungwa Chase Bank nayo. Wenye pesa pale walikaa muda mrefu sana wakisubiri, kuna watu hapa mjini biashara zao hazikurudi. Kwa hiyo hata ukisoma vizuri vipi, gawanya. Bima ya amana inafika shilingi laki tano kwa mteja mmoja kwa benki moja, zamani ilikuwa laki moja mpaka 2020. Chama chenye milioni na nusu kuziweka zote benki moja kwa sababu ya urahisi wa kuweka sahihi, hilo mimi silikubali hata wanachama wakinuna. Na kumbukeni bima hiyo ni ya mabenki, sacco haimo, sacco inasimamiwa na SASRA ambayo ni ofisi nyingine kabisa.

Kuna kitu kingine kidogo, kwa wafanyabiashara hasa: kuzunguka vikao vya kamati Benki Kuu hutoa matokeo ya kuwauliza wakulima na wachuuzi kuhusu bei za vyakula wanavyotarajia. Sisi tunaopanga stoki tunaisoma sana hiyo, inasaidia.

Na kwa wanaotaka kukopa saa hizi, mjue mikopo mipya ya riba inayobadilika kuanzia Desemba 2025 inahesabiwa kwa mfumo mpya. Kuna riba ya rejea inaitwa KESONIA, ambayo inatokana na bei ya mabenki kukopeshana usiku mmoja, halafu benki inaongeza juu yake kiasi chake inachokiita K. Hiyo KESONIA ni moja kwa wote, hamwezi kuibishia. K ndo ya kubishania, ndani yake kuna gharama za benki, faida ya wenye hisa, na jinsi benki inavyowaona nyinyi, hatari yenu. Nendeni na vitabu vya michango vya miaka mitatu, nendeni na rekodi safi ya CRB, wale wanaoweka kumbukumbu za nani analipa mikopo na nani halipi, ya wale wanaosaini, mwambie afisa waziwazi, K yetu ni ngapi na mbona si ndogo kuliko hapo? Aandike kwenye barua, si kwa mdomo. Halafu chukueni barua hiyo mwende benki ya pili na ya tatu na swali lilelile, na ada zote za kufungua mkopo, bima na wakili mziandike pembeni, kwa sababu benki yenye K ndogo inaweza kuwa ndiyo yenye ada kubwa kuliko zote.