Nyangumi wa msimu wa kusi: kwa manahodha na waongozaji wageni

Mgeni anayepanda boti Kizimkazi au Nungwi mwezi wa Agosti huenda keshaona video za Mexico, nyangumi kajileta ubavuni mwa boti na watu wanampapasa kichwa. Mwambie mkiwa bado pwani: wale ni nyangumi wa kijivu wa Pasifiki. Hula katika bahari baridi za Bering na Chukchi, kisha husafiri kilomita 8,000 na zaidi kwenda kuzaa kwenye vighuba vya Baja California, Mexico, na huko Laguna San Ignacio baadhi yao huzoea boti. Wanaopita kwetu Zanzibar ni nyangumi wa nundu kutoka Antaktika. Hawapapaswi.

Huanza kuonekana Julai, huzidi Agosti na Septemba, na kufika Novemba wengi wameshashuka kusini. Bahati mbaya ndiyo miezi ya kusi. Ondokeni alfajiri kabla upepo haujashika. Bahari ikishajaa povu jeupe rudini tu, maana pumzi ya nyangumi haitatofautika na wimbi. Tafuteni nje ya mwamba, kwenye maji ya kina. Kinachoonekana kwanza si mwili, ni mvuke unaopanda mita tatu hivi na kutawanyika. Weka mtu kila upande, na kila mmoja asiache upande wake.

Akishaonekana, punguza mwendo tangu mita 300. Mwendee kwa ubavuni, sambamba na anakoelekea. Usimtokee mbele wala usimfuate nyuma ya mkia. Mita 100 toa gia, injini iendelee kunguruma polepole ajue mlipo. Akiwa na ndama, ishieni mita 200, na msiingie kati yao kabisa.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nahodha aliyezoea pomboo hukimbilia mbele kuziba njia, akawamwaga wageni majini na miwani yao. Mama wa nundu akiwa huku kwa kawaida hali kitu. Maziwa yote yanatoka kwenye mafuta aliyoyaweka Antaktika. Ndama huzaliwa na mita 4 hivi, karibu tani moja, na lazima anenepe kabla ya safari ya kurudi kwenye baridi. Kila mkimkimbiza mama, akiba hiyo inapungua. Na kwa mgeni aliye majini, pezi la mbele peke yake lina urefu wa mita 4 au zaidi. Sisi tungekataa hata kwa malipo mara mbili.

Akibadili njia ghafla, akapigapiga mkia au akawa anazama kila mkisogea, kachoka nanyi, ondokeni. Hata akitulia, nusu saa inatosha, na boti zisizidi mbili tatu. Nyingine zisubiri mbali. Akinyanyua mkia juu, anazama kina: kaeni palepale dakika 10 hadi 15 bila kuzungukazunguka. Wakati huo mnaweza kuzima injini. Madume huimba msimu huu, na kwenye chombo cha mbao wimbo huweza kupenya ubao.

Mkimkuta kanasa kwenye jarife, asiruke mtu majini. Boti moja ibaki naye kwa mbali, nyingine ipeleke habari kwa maofisa wa uvuvi. Kamba na boya zinazoburuzwa msizikate: waokoaji huzitumia kumshika, na zikikatwa ataondoka na wavu uliomkaza mwilini.